Baba Mzazi wa Nyuki Wote wa Garissa

"Inatangazwa kwa umma wote, wenye mabawa na wasio na mabawa, kwamba kuanzia leo hakuna nyuki atakayeruka katika anga ya Garissa pasipo kujulikana ni mwana wa nani!"

Mkurugenzi Alio alipofika kwenye nukta alivua miwani, akangoja makofi. Yalikuja, maana chini ya hema lile la kukodi soda zilikuwa hazijagawanywa na kila mtu alijua utaratibu. Katika safu ya pili Dkt. Diriye alikuwa akitikisa midomo pamoja na msomaji, neno kwa neno, kama mtoto wa duksi anayefuatisha sura ya Kurani aliyoihifadhi. Sentensi ile aliitunga yeye. Palipomfurahisha zaidi ni pale penye mabawa.

Dkt. Diriye ni mtaalamu wa vinasaba vya nyuki. Katika Garissa nzima yuko peke yake, ndiyo maana kila mashindano ya fani hiyo huibuka wa kwanza, na wa mwisho pia. Udaktari wake aliupatia Ulaya, kwa utafiti wa mguu wa nyuma wa nyuki. Maabara yake ni kontena lililo nyuma ya ofisi. Ndani mna mtambo wa kusomea vinasaba, wa thamani kubwa, ambao plagi yake haikubaliani na soketi yoyote ya kaunti hii, kwa hiyo juu yake huwekwa chupa ya chai. Miguu ya nyuki aliihifadhi katika vichupa vya spiriti, mpaka mlinzi aliponusa akampelekea imamu habari kwamba daktari anakunywa kidogo kidogo.

Huenda msomaji atauliza nyuki wana kosa gani. Hawana. Yenye shida ilikuwa kamati.

Kamati yenyewe ilianza kwa kuwapiga watu msasa. Mtu wa huku akitaka kipande, yaani kitambulisho, alisimamishwa mbele ya wazee akaulizwa baba, babu, baba wa babu, na kisima alichozaliwa mamake. Kisha ikatangazwa kutoka juu kwamba msasa umekwisha. Watu wakashangilia. Walipokwenda kwenye dirisha la vipande waliambiwa ni kweli, msasa umekwisha, ila muhuri wa kamati bado unatakiwa. Walipokwenda kwenye kamati waliambiwa muhuri upo, ila kazi ya watu imekwisha. Kila upande ulikuwa na haki yake, na hapo ndipo unapojua serikali imekomaa.

Sasa kamati isiyo na kazi haivunjwi. Hutafutiwa kazi, kwa sababu wajumbe wameshazoea posho na chai ya saa nne. Diriye ndiye aliyependekeza nyuki. Likazaliwa jina zito, Kurugenzi ya Nasaba na Makazi ya Nyuki, Alio akawa Mkurugenzi, na wazee wakarudi kwenye viti vilevile. Hata muhuri ulikuwa uleule, wenye maandishi MHUSIKA ANAJULIKANA. Ilionekana ni israfu kuchonga mwingine, ilhali nyuki naye ni mhusika.

Kanuni aliiandika Diriye. Kila mfugaji ataje baba wa nyuki wake mpaka kizazi cha nne, na mahali alipozaliwa mama. Akishindwa, mzinga unachomwa moto. Kwetu mtoto hufundishwa kuhesabu mababu zake hata kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na Diriye hakuona kwa nini nyuki asifundishwe.

Wa kwanza kuitwa alikuwa shangazi yake.

Muslimo, dada wa marehemu babake Diriye, alikuwa na mizinga yake kando ya mto Tana, chini ya mathenge. Huo ni mti ambao kila mtu huulaani kwa miiba yake, isipokuwa nyuki. Asali hiyo ndiyo iliyomsomesha Diriye tangu darasa la kwanza hadi alipopanda ndege. Mwanamke huyu hakuwa na mbuzi wala duka. Alikuwa na nyuki basi.

Mwenyekiti Bishar, mzee mwenye ndevu za hina, alikohoa kikohozi cha kikao.

"Muslimo, nyuki hii ya nani?"

"Ya Mungu."

"Kila kitu ya Mungu. Baba yake nani?"

"Bishar, wewe najua mimi. Tulichunga mbuzi bamoja."

"Hapa mimi si Bishar. Hapa mimi ni kikao."

"Haye, kikao. Nyuki ilikuja yenyewe, mwaka ile ya ukame. Ilitoka ubande ya Hulugho, ikaingia kwa biba yangu ya maji, ikakaa. Mimi nikasema karibu."

Aliposema Hulugho kalamu zote zilisimama. Kule mpaka uko karibu, na mpaka ndiyo roho ya kamati.

"Hulugho ya huku ama ya ng'ambo?"

"Nyuki haikusema."

"Na mama yake ilizaliwa kisima gani?"

"Ile ile umeniuliza ya mama yangu. Ya mama yangu sikujua. Ya nyuki nitajua?"

Kisha akamgeukia Diriye, aliyekuwa ameinamia karatasi tupu kana kwamba ina maandishi.

"Eedo," akamwita. Eedo ni shangazi, lakini kwetu shangazi naye humwita mpwa wake kwa neno lilo hilo, ili wote wawili wakumbuke kamba inayowafunga. "Eedo, mama yangu ni nani kwako?"

"Ni nyanya yangu."

"Basi. Kibande yangu imebotea, nikaomba ingine, wakaniuliza kisima, mbaka leo sina. Wewe umebata kibande. Umebata basboti. Umeenda Ulaya kusoma mguu ya nyuki. Na kisima ni moja!"

Diriye aliona haya, haya ya kweli inayoanzia masikioni. Lakini alitafuta katika kanuni zake asione kifungu cha haya. Akasema, "Eedo, mimi ni mtaalamu tu. Sheria haina shangazi." Ilimtoka vizuri sana hata akainakili pembeni.

"Sisi sote tunajua wewe," Bishar alimwambia Muslimo, kwa huruma kabisa. "Lakini maneno ya mdomo haiwezi kufuta karatasi." Ikaamuliwa mizinga yake ichomwe siku ya sherehe kuu, wageni wa Nairobi wakiwapo, ili waone kazi inafanyika. Atakayewasha moto ni Daktari, kwa kuwa hilo ni jambo la kisayansi.

Kamati ikamwagiza pia athibitishe kitaalamu baba wa nyuki waliobaki. Diriye akaingia kontenani, akajimiminia chai kutoka juu ya mtambo, akafungua kitabu. Hapo ndipo alipokumbuka. Jambo lenyewe alilijua tangu mwaka wa pili wa chuo kikuu. Alikwisha kulitungia hata swali la mtihani na kuwafelisha vijana wa watu. Lakini elimu ya mtihani ina tabia ya kwenda likizo mtihani ukiisha, na ya Diriye ilikuwa imekwenda na familia.

Akarudi kikaoni akiwa na jasho.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, Mwenyekiti. Madume hawana baba."

"Wamekufa?" Alio aliuliza kwa masikitiko.

"Hawakuwapo. Yai la dume halihitaji baba. Malkia hulitaga hivyo hivyo, likaangua dume."

"Astaghfirullah," akasema Bishar.

"Lakini wana babu," Diriye akaharakisha. "Babu mzaa mama."

"Baba hakuna, babu iko?"

"Ndiyo."

"Daktari, umekula?"

"Nimekula, adeer," akamjibu, kama mtu anayemwita ami yake. "Ndivyo walivyo. Ila majike, hawa wachumaji, wao wana baba. Wana baba wengi hata! Mzinga mmoja, mama mmoja, lakini baba kumi au zaidi, kwa sababu malkia akitoka ile siku yake angani hukutana na dume huyu, na huyu, na huyu..."

"Nyamaza! Adhana inakaribia!"

Mkurugenzi ndiye aliyeuona mkasa mzima. Kwa kanuni ile, hakuna nyuki hata mmoja wa Garissa angepita, na mizinga yote, pamoja na ile ya maonyesho iliyopakwa rangi za bendera, ingepaswa kuteketezwa. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Mabango yalikuwa yamekwisha kutundikwa, na sura yake ilikuwamo ndani yake, kubwa kuliko ya nyuki.

"Basi baba yao nitakuwa mimi," akasema.

Bishar akausogeza muhuri mbali. "Mtoto habewi nasaba ya mtu ambaye si baba yake. Dini imekataa."

"Hiyo ni kwa wanadamu, Mwenyekiti. Hawa ni wadudu. Na kila mdudu lazima awe na mtu wa kumjibia."

Diriye akaandika tamko. Alijitahidi. *Mimi Alio ninajitangaza kuwa baba wa nyuki wote walioko Garissa, wanaojulikana na wasiojulikana.* Alipolisoma aliliona fupi, halina uzito wa kiserikali, akaongeza mkia: *kwa haki zote na wajibu wote wa baba, kwa mujibu wa mila za jamii hii.* Hakufikiria kitu kingine chochote ila mlio wake. Mkurugenzi aliposomewa alifuta machozi.

Siku ya sherehe ilifika, hema likasimamishwa kando ya mto karibu na mizinga ya Muslimo. Wageni wa Nairobi walikuja na kamera na chupa zao za maji. Mzee Mahat, mfugaji wa kuheshimika, alileta ngamia wake jike bora ili wageni waonje maziwa. Alio akasoma tamko kwa kipaza sauti, wageni wakapiga makofi, na Bishar akalipiga muhuri mbele ya watu wote: MHUSIKA ANAJULIKANA. Kisha Mkurugenzi akampungia mkono Diriye.

Diriye alikwenda na kiberiti. Njiani alimwomba Mungu kiwe kimelowa. Muslimo alikuwa amekaa mbele ya mizinga yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini.

"Eedo, sogea kidogo," akamwambia.

"Nasogea. Washa. Nyuki hii ilikusomesha, wacha ikuone fizuri."

Alitaka kulia. Tusimfiche, alitamani angesomea kitu kingine, hata mguu wa mbele. Lakini Mkurugenzi alikuwa anatazama, na kamera zilikuwa zinatazama, na Diriye ni mtu wa ofisi. Akawasha.

Matawi yaliyorundikwa chini ya mizinga yalikuwa mabichi. Badala ya moto ukatoka moshi mzito, na badala ya kufa nyuki wakatoka nje, wote. Kwenye ratiba hawakuwa wametengewa nafasi ya kuzungumza, lakini walizungumza. Waliwapita wageni, wakalipita bango, wakamshukia ngamia wa Mahat. Ngamia akapitia katikati ya hema, akabeba kitambaa cha meza ya wakuu shingoni kama mtandio, akaangusha spika moja na kuingia mferejini. Walipomtoa, jicho moja lilikuwa limefunga, kiwele kimevimba, na maziwa yamekata.

Mahat hakupiga kelele. Wazee wa huku hawapigi kelele penye haki. Alikung'uta kanzu yake, akauliza jambo moja tu.

"Nyuki hii ya nani?"

Kwetu mwana akidhuru, baba hulipa. Dia hiyo huitwa mag, na baba akishindwa, ukoo wake wote huchangia. Hakuna kanuni ya serikali iliyowahi kuishinda. Wazee wakageuza shingo kumtazama Mkurugenzi, na katika safu za nyuma jamaa zake Alio wakaanza kutafuta viatu vyao.

"Hawa ni wa huyu mama!" Alio akasema upesi.

"Yangu?" Muslimo akainuka kwenye ndoo. "Umesema yangu haijulikani kwao. Na kama ni yangu, nani alichokoza na moto?"

Watu wakamtazama Diriye. Diriye akamtazama Mkurugenzi.

"Na karatasi imesema *wote*," Bishar akakumbusha, akilisogeza tamko karibu na macho. "Najulikana na haijulikani. Na wajibu wote wa baba. Kwa mila. Nani aliandika hii? Ameandika kabisa."

Wa pili kusimama alikuwa mtu ambaye mbuzi wake waliumwa mwaka jana. Akafuata mwanamke aliyeumwa jichoni akiwa bibi harusi. Nyuma yake mtu mmoja akapiga simu Hulugho kuwaambia wa kule wajitayarishe kudai. Mkurugenzi aliona msafara mzima wa watoto wake, wenye miiba, kutoka hapa mpaka mpakani, kila mmoja na kosa lake. Jasho likamtoka. Akanyakua kipaza sauti, akamtegea Diriye sikio, kama alivyozoea kila akikosa la kusema.

Diriye akamnong'oneza. Mkurugenzi, naye kama alivyozoea, akatamka bila kusikiliza.

"Nyuki hana baba wa kuulizwa!" ikanguruma spika iliyobaki. "Mamake alizaliwa kisima gani, halimhusu mtu! Anayeishi hapa na kuchuma hapa ni wa hapa!"

"Rudia," akasema Mahat. "Watu wa kwangu walioko nyuma hawakusikia. Watasema nimeonewa."

Alio akarudia, mara hii kwa hisia. Kamera zilikuwa zinawaka.

Bishar akapanguza ndevu. "Basi kama haina baba na haina mbaka, hiyo ni kama ubebo. Ngamia ikiangushwa na ubebo, hakuna mtu nalibwa. Mahat?"

"Nimekubali," akasema Mahat. "Lakini msasa wa ubebo nao uishe leo."

Ukaisha. Moshi wa mizinga ulizimwa kwa maji ya chupa ya wageni, na nyuki, walipoona hakuna anayewauliza kitu, wakarudi nyumbani. Muslimo aligeuza ndoo yake ikawa ndoo tena. Alipompita Diriye alimgusa bega. Diriye alilia pale pale, akisingizia moshi.

Hadithi ingeishia hapo kama Mkurugenzi asingefika ofisini asubuhi yake. Alikuta foleni. Ilianzia mlangoni ikazunguka kontena la maabara ikapotelea barabarani, na mbele kabisa alikuwa Muslimo, ameshika simu yenye video ya jana. Ndani wajumbe walikuwa wamekaa vitini, kwa kuwa hakuna aliyewaandikia barua ya kusimama.

"Mama, kazi ya watu ilikwisha," Alio akamwambia. "Ofisi hii ni ya nyuki."

"Haye. Andika mimi nyuki."

"Nini?"

"Naishi haba na nachuma haba. Mama yangu kisima gani, haihusu mtu. Umesema wewe, mara mbili." Akabonyeza simu, na sauti ya Mkurugenzi ikanguruma tena chumbani. "Eedo, andika nyuki, biga muhuri."

Diriye akachukua kalamu, akaandika *nyuki* kwa mwandiko safi. Foleni nzima ikachungulia. Alio alimwona mwandishi mmoja wa Nairobi mlangoni, na mbele ya macho yake akaona kichwa cha habari. Damu ikampanda.

"Wewe si nyuki!" akafoka. "Wewe ni mtu! Wewe ni Muslimo, wa hapa hapa Garissa, mimi nimekujua tangu utoto wangu, na mji mzima unakujua!"

Kalamu za wajumbe zikaanza kuandika.

"Kikao imesikia," akasema Bishar, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikuwa akitabasamu. "Mkurugenzi mwenyewe ameshuhudia. Daktari, futa nyuki. Andika mtu."

Muhuri ukashuka juu ya karatasi ya Muslimo. MHUSIKA ANAJULIKANA. Muhuri huo ndio uliokuwa ukidaiwa na dirisha la vipande miaka yote, na Muslimo aliikunja karatasi ndani ya mtandio wake taratibu, kama anayekunja noti. Nyuma yake akasogea mzee mmoja.

"Mimi bia nyuki," akasema.

Mpaka adhana ya alasiri Mkurugenzi Alio alikuwa bado anaapa, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawa ni watu, anawajua, ni wa hapa. Sauti ilimkauka. Foleni ilipoisha, Diriye alifungua jalada kuona kama kuna aliyesalia. Alikuwapo mmoja. Tamko la ubaba lilikuwa pale pale limepigwa muhuri, kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali Garissa nzima sasa ni watu, isipokuwa Alio, ambaye ni ukoo mmoja na nyuki.

"Si nilikana jana?" akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Watu wote walisikia!"

"Walisikia," Bishar akakubali. "Lakini maneno ya mdomo, wewe najua mwenyewe."

"Basi nipigieni na mimi. Niandikeni mtu, tumalize."

Bishar akauvuta muhuri karibu, akautia wino, akauinua. Kisha akakohoa kile kikohozi cha kikao.

"Mama yako," akauliza, "ilizaliwa kisima gani?"